Kuacha pombe hakukumuua mjomba: yanayotendeka ndani ya ini

Tulipotoka makaburini siku ya kumzika mjomba wangu, tulikaa barazani na kahawa kama ilivyo ada. Ikatajwa presha, ikatajwa sukari, mzee mmoja akataja jini. Pombe haikutajwa na mtu. Hadi binamu yangu mmoja aliposema kwa sauti ya chini neno ambalo nadhani wengi walikuwa nalo moyoni: "Alipokuwa akinywa alikuwa mzima. Ameacha, hata miezi miwili haijatimia, amekufa. Kuacha ndiko kulikomuua."

Neno hilo limenikaa moyoni hadi leo. Binamu yangu naye hunywa, na tangu siku hiyo hilo ndilo jibu lake kila mamake anapomsihi aache. Nimelisikia pia kwa watu wasiotujua kabisa, mangweni na kwenye steji za bodaboda. Yaonekana kila mtaa hapa Pwani una mtu wake aliyeacha pombe kisha akageuka manjano.

Basi nilianza kuuliza. Niliwauliza wauguzi na madaktari ninaowajua, nikasoma nilichoweza kukisoma. Nilichojifunza ni kwamba kilichommaliza mjomba si kuacha, na siku macho yake yalipoanza kuwa manjano hata pombe yenyewe haikuwamo tena mwilini. Waliomchoma ini ni askari wa mwili wake mwenyewe, zile chembe za kinga ambazo pombe ilikuwa imezichokoza kwa miaka mingi. Nataka kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, kwa sababu mtu akilielewa hatasema tena kwamba kuacha kunaua.

Ini ni kama bandari

Sisi bandari tunaijua. Mzigo ukishuka melini hauingii mjini vivi hivi; hupita forodhani, ukafunguliwa na kukaguliwa. Mwilini kazi hiyo ni ya ini. Ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote vya ndani, uzani wake kwa mtu mzima ni karibu kilo 1.5, na limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka tumboni na utumboni ikiwa imebeba chakula kilichosagwa hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Karibu robo tatu ya damu yote inayoingia ndani ya ini huja kwa njia hiyo.

Utumbo nao si mahali safi. Umejaa bakteria wasiohesabika, na wengi wao hutufaa maadamu wanabaki humo humo. Lakini kila siku vipande vichache vya bakteria hao hupenya na kuingia kwenye damu. Ndiyo sababu ini likawekewa walinzi. Ndani ya mishipa yake midogo kumekaa chembe ziitwazo seli za Kupffer, kwa jina la Karl Wilhelm von Kupffer aliyezieleza mwaka 1876. Yeye alidhani ni sehemu ya ukuta wa mshipa tu. Baadaye Tadeusz Browicz, mtaalamu wa Poland, alionyesha kwamba hizi ni chembe za ulinzi zinazomeza uchafu. Leo inajulikana kwamba walinzi wa aina hii walio wengi zaidi mwilini wamo ndani ya ini.

Walinzi hawa wana subira. Wakipata kipande kimoja cha bakteria, hawapigi kelele. Hukimeza kimya kimya, damu ikaendelea na safari yake. Ini likiwa zima, kazi hii hufanyika usiku na mchana na wewe hujui.

Pombe inapolegeza lango

Iwe mnazi, chang'aa, bia au mvinyo wa hotelini, kileo chake ni kimoja, nacho ni ethanoli. Kinachotofautiana ni kiasi. Ini ndilo linaloivunja. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, sumu inayozishika protini za seli na kuziharibu umbo, kisha huigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Kwa mtu anayekunywa sana, mwili huamsha njia nyingine ya kuvunja pombe, na njia hiyo hutoa kemikali kali zinazobabua seli. Mafuta nayo huanza kujaa ndani ya ini. Katika watu 10 wanaokunywa kupita kiasi kwa muda mrefu, karibu 9 wana mafuta hayo, na wengi wao hawahisi lolote.

Lakini wanaofikia sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, ni 1 au 2 tu katika hao 10. Kwa hivyo sumu ya pombe peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Urithi una sehemu yake, unene una sehemu yake, na wanawake huumia kwa kiasi kidogo cha pombe kuliko wanaume. Ila katikati ya mambo haya yote wamo wale walinzi.

Pombe huharibu utumbo kabla ya kumaliza kuliharibu ini. Seli za ukuta wa utumbo zimeshikana kama matofali ya nyumba, na pombe pamoja na ile asetaldehaidi hulegeza udongo uliozishikanisha. Vipande vya bakteria vilivyokuwa vikipenya kimoja kimoja sasa humiminika. Kilicho kibaya zaidi kati yavyo ni endotoksini, ambayo ni sehemu ya gamba la nje la aina fulani za bakteria.

Walinzi wa ini wanaijua harufu ya endotoksini. Ikija kidogo huimeza. Ikija kwa wingi, siku baada ya siku, subira inakwisha. Wanapiga king'ora, yaani wanamwaga kwenye damu kemikali za kuita msaada ziitwazo saitokini. Mojawapo inayojulikana sana ni ile ya TNF.

Wanaoitikia king'ora hicho ni nyutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine zote katika damu yetu. Ukichomwa na mwiba pakatunga usaha, usaha ule kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa kazini. Zinafanya kazi kama kikosi cha kutuliza ghasia. Kikifika mtaani, gesi ya machozi haimchagui mwenye kurusha mawe wala mama aliyekuwa akienda sokoni. Nyutrofili humwaga vimeng'enya na kemikali za kuua bakteria. Lakini ndani ya ini hili kilichofika ni vipande vya bakteria zaidi kuliko bakteria wenyewe, kwa hivyo wanaoumia ni wenye mtaa, yaani seli za ini.

Kisha huja mafundi. Ini lina seli zenye umbo la nyota ambazo siku za kawaida kazi yake ni kuweka akiba ya vitamini A. Zikisikia kwamba kumeumia, huiacha akiba hiyo na kuanza kutandaza kolajeni, nyuzi zile zile zinazofanya kovu la kidonda. Kovu dogo ni jambo jema. Lakini king'ora kisiponyamaza, mafundi hawaachi kupiga lipu, hadi damu inakosa pa kupita. Mwili ulikuwa na msimamizi wa kuwazuia, chembe nyingine za kinga ziitwazo seli ziuaji za asili, ambazo huwaondoa mafundi waliozidi. Pombe huzidhoofisha hizo pia.

Aliacha kwa sababu alikuwa ameshaanza kuugua

Sasa turudi kwa mjomba, aliyekuwa "mzima" alipokuwa akinywa.

Ini lina akiba kubwa ya nguvu, na ndani yake halina hisia ya maumivu kama ngozi au jino. Linaweza kuharibika kwa miaka na mtu akaendelea kwenda kazini na kufanya mzaha na watu barazani. Nikikumbuka leo, mjomba hakuwa mzima. Mikono ilikuwa imekonda ilhali tumbo limetokeza. Chakula alikuwa akikisukuma pembeni. Alikuwa akisema amechoka, nasi tukisema ni umri. Pombe yenyewe ilikuwa imeanza kumchukiza, na hiyo ndiyo sababu aliacha. Hakuugua kwa sababu aliacha. Aliacha kwa sababu alikuwa ameshaanza kuugua.

Halafu lipo la pili. Moto ukishashika makuti, kukitupa kiberiti hakuuzimi. Alipoacha kunywa, pombe ilitoka mwilini kwa siku moja au mbili. Lakini utumbo uliolegea hauzibi kwa siku mbili. Nyutrofili zilikuwa zimeshajaa ndani ya ini, na seli za ini zinapokufa humwaga vitu ambavyo navyo huwaita askari wengine. Hata zile protini zilizoharibiwa umbo na asetaldehaidi huonekana ngeni machoni pa kinga, ikazipiga vita. Madaktari wanalijua jambo hili vizuri. Wanapochunguza ule uvimbe mkali wa ini unaoletwa na pombe, mtu aliyeacha kunywa hadi siku 60 kabla ya kuwa manjano bado humhesabu kuwa ni wa maradhi hayo. Mjomba alikuwa ndani ya siku hizo 60.

Walinzi waliochoka

Lililonishangaza zaidi ni hili. Kinga hiyo hiyo inayolichoma ini huwa imedhoofika pale inapotakiwa kazini kweli. Chembe zilizopigiwa king'ora kwa miaka huchoka. Mdudu wa kweli akiingia, haziwezi tena kummeza na kumuua kama zamani. Ndiyo maana wengi wenye maradhi makali ya ini mwishowe huondolewa na maambukizi: ya mapafu, ya damu, au ya yale maji yanayojaa tumboni.

Na ini lililoshindwa huacha sumu zipite hadi kwenye ubongo, mojawapo ikiwa ni amonia. Mgonjwa hulala mchana akakesha usiku, husema maneno yasiyoeleweka, huwasahau watoto wake, na akinyoosha mikono hupepesuka kama mbawa. Mjomba alipofika hapo, nyumbani palisomwa, pakafukizwa, akatafutwa wa kumtoa jini. Kisomo ni kheri na sina neno nacho. Lakini siku hizo zilikuwa za kumkimbiza hospitali, kwa sababu hali hiyo ina dawa inayoweza kumrudisha mtu akili, na mara nyingi nyuma yake kuna maambukizi yanayotaka antibayotiki siku hiyo hiyo.

Tulipofika hospitali, daktari aliuliza kama mgonjwa hunywa pombe. Mimi ndiye niliyejibu, mbele ya wakwe na jamaa: "La, hanywi." Nilimsitiri. Zikapita siku wakitafuta chanzo kingine, hadi mamangu alipomfuata muuguzi ukumbini akamwambia ukweli. Siwezi kusema kwamba ukweli ungemwokoa. Lakini najua nilimnyima daktari siku ambazo mjomba hakuwa nazo za kutupa.

Kwa nini wasizizime hizo chembe?

Mtu atauliza: kama askari ndio wachomaji, kwa nini wasinyang'anywe silaha? Wataalamu walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ufaransa, walipewa wagonjwa dawa ya kuizuia ile TNF. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata maambukizi zaidi na vifo vilikuwa vingi upande wao. Dawa nyingine ya namna hiyo ilipojaribiwa Marekani nayo haikusaidia. Waliopewa walikufa zaidi katika miezi 6.

Dawa inayotumika kwa wagonjwa mahututi ni ya jamii ya steroidi, iitwayo prednisoloni, ambayo hupunguza ukali wa kinga. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 1,000, lilionyesha kwamba huenda ikasaidia kidogo katika siku 28 za kwanza, lakini baada ya miezi 3 au mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Na maambukizi makubwa yaliwapata asilimia 13 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 7 ya wasiopewa. Kwa hivyo daktari huitumia kwa kuchagua, na huiacha baada ya siku 7 hivi akiona haifanyi kazi.

Somo lake ni moja. Ukiwazima walinzi wote, mwizi ataingia. Mpaka leo hakuna dawa iliyoishinda ile ya kumwondoa mchokozi wao, yaani pombe.

Walinzi hao hao ndio wajenzi

Hapa ndipo nilipotaka binamu yangu afike. Chembe zinazolichoma ini ndizo hizo zinazoweza kulitengeneza. Mchokozi akiondoka na utumbo ukaanza kuziba, king'ora hupungua. Baadhi ya walinzi hubadili kazi: badala ya kuita vita, humeza mabaki ya seli zilizokufa na hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha kovu. Mafundi wengine hufa, wengine hurudi kupumzika. Na ini ni kiungo chenye uwezo wa ajabu wa kuota upya.

Aliye na mafuta tu kwenye ini, akiacha, mara nyingi huondoka baada ya wiki kadhaa. Mwenye makovu ya kiasi anaweza kuyaona yakipungua kwa miezi na miaka. Mwenye sirosisi kamili huenda asirudi alivyokuwa, lakini aliyeacha huishi muda mrefu kuliko aliyeendelea. Hata yule aliyefikia hatua aliyofikia mjomba, akivuka miezi ya kwanza, kinachoamua maisha yake baada ya hapo zaidi ya kitu kingine ni kama atanywa tena au la. Kwa hivyo swali si kama kuacha kunaua, ila ni kama tunaacha mapema vya kutosha.

Unapotaka kuacha

Kuna ukweli mmoja katika maneno ya mangweni, nami sitauficha. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata hatari, si ya ini bali ya ubongo: kutetemeka, jasho, kifafa, kuona visivyokuwepo. Hatari hiyo huja ndani ya siku chache za kwanza na ina dawa. Kwa hivyo anayekunywa kuanzia asubuhi, au anayetetemeka asipokunywa, asiache peke yake chumbani. Aende hospitali aseme anataka kuacha, apewe dawa na aangaliwe. Mamlaka ya NACADA nayo ina nambari ya simu isiyolipiwa, 1192, kwa anayetaka ushauri.

Anayekunywa aombe apimwe damu ya ini na, ikiwezekana, apigwe picha ya tumbo. Apimwe pia virusi vya homa ya ini aina ya B na C, kwa sababu virusi na pombe wakikutana ini huharibika upesi zaidi. Aina ya B ina chanjo. Panadol asimeze kiholela. Ini lililochoka na pombe huumizwa na kiwango ambacho mwingine angekihimili. Mizizi na majani ya "kusafisha ini" aiache, maana yako yanayoliua ini kabisa. Na asikose chakula chenye protini kama samaki, mayai na maharagwe, kwa kuwa mwili usio na chakula hauwezi kuwalisha hao walinzi wala wajenzi.

Macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, akitapika damu, kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au akianza kuchanganyikiwa, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na ukiulizwa na daktari, sema kweli. Kwa Waislamu pombe ni haramu, na kwa wengi wetu ni aibu ya ukoo mzima. Kwa ndugu zetu Wamijikenda mnazi una nafasi yake katika harusi na matanga, na huko pia mlevi huchekwa. Lakini daktari hakuulizi ili akuhukumu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulimficha mjomba hadi mlangoni mwa kaburi.

Makala haya nimempelekea binamu yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimemwambia siku atakayokuwa tayari kwenda kupimwa nitaacha kazi zangu twende pamoja, na daktari akiuliza, safari hii nitajibu kweli. Bado hajanijibu. Lakini juzi mamake ameniambia kwamba ameisoma hadi mwisho.